Mupimaji Alikula Kwanza

Bakuli lake lilikuwa la bati, lililokuwa jeupe zamani, na rangi ya ukingoni ilikuwa imebanduka mahali kijiko kilipozoea kugonga. Kila asubuhi alilitia uji, akachota vijiko vitatu vya unga wa kijani, akakoroga mpaka uji ukafanana na maji ya kidimbwi, akala akiwa amesimama. Alipomaliza, alikwangua bakuli kwa kidole, akalamba kidole. Kisha alikwenda mlangoni kwake akachora mstari mmoja kwa kipande cha mkaa. Mistari ilipotimia kutoka mwezi mwandamo mmoja mpaka mwingine, na yeye bado mzima, njo, yaani ndipo, aliwaruhusu akina mama kuwalisha watoto wao unga ule. Kabla ya hapo, hapana. Hata mtoto awe analia njaa mbele ya macho yake, hapana.

Tulimwita Mupimaji, kwa sababu kazi yake tuliyoiona ilikuwa kupima: kumtundika mtoto kwenye mizani, kungoja sindano itulie, kuandika. Jina lake la ubatizo aliliacha wakati Chama, kile kimoja kilichotawala nchi, kilipotuambia sote tuyaache, na lile alilochukua badala yake halikushika mdomoni mwa mtu. Mimi pia sitaliandika.

Mimi wananijua. Anayefika Kindu na gunia la mahindi, akiuliza pa kusaga, ataletwa kwangu, kwa Papa Mashini. Shule niliiacha darasa la tatu. Mwalimu alisema kichwa changu ni kizito, na leo watoto wake wanasaga kwangu. Nilibeba magunia kwenye gare, yaani stesheni ya treni, nikanunua baiskeli, nikachuuza mafuta ya mawese mpaka Kibombo, nikanunua mashini iliyokuwa imekufa, nikaifungua parafujo moja moja na kuifufua kwa mikono hii. Sasa nina mashini tatu, nyumba ya matofali, na mlango wa mbao ya libuyu ambao wapita njia husimama kuutazama. Hakuna aliyenipa. Nayasema haya ili ijulikane kwamba mimi si mtu wa kutishwa na bakuli la uji. Lakini bakuli lile lilinitisha tangu siku ya kwanza, na leo linanitisha zaidi.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, shingo kama ya korongo, mwenye abakosti moja, lile koti lisilovaliwa na tai, ya kijivu, iliyofuliwa mpaka ikapauka. Alitoka kwenye kituo cha utafiti wa chakula, huko mashariki, ambako alifanya kazi miaka mingi na wazungu waliokuwa wakitafuta njia ya kuondoa bwaki. Kwa asiyeujua, bwaki ni ugonjwa wa mtoto anayekula bugali mtupu: miguu inavimba, tumbo linajaa, nywele zinageuka nyekundu, na mwisho mtoto anaacha kulia. Mupimaji alisema kuacha kulia njo kubaya kuliko yote. Wazungu walipoondoka, yeye alitumwa kwetu akiwa na mizani, darubini yenye ufa na sanduku la madaftari, aendeleze jaribio. Majani yakaushwe, yasagwe, yachanganywe kwa kipimo, na kijiko kimoja kimpe mtoto sehemu ya kile ambacho nyama ingempa. Majani ya muhogo, ambayo sisi tunaita sombe. Matembele. Lengalenga, yaani mchicha. Na kitu cha nne ambacho hakuna mtu wa Kindu aliyekuwa amewahi kukila.

Hicho cha nne alikifuga. Nyuma ya nyumba yake kule mtaa wa Mikelenge alikuwa na mapipa yaliyopasuliwa kwa urefu, yamelazwa juani kama majeneza yasiyo na vifuniko. Ndani yake mlikuwa na maji, na ndani ya maji utelezi wa kijani ambao yeye aliuita alge. Aliulisha chumvi ya majivu, ile wanawake wanayoichuja kutoka kwenye magugu ya mtoni yaliyochomwa, akaukoroga kwa kafi kuukuu. Ulipokuwa mzito, aliuchuja kwa kikwembe na kuuanika kwenye bati. Ulikauka ukawa magamba ya kijani karibu na weusi, na ulinuka.

Mke wangu alikwenda kuuona, akaziba pua.

"Mupimaji, wewe unafuga vyura?"

"Nafuga chakula, mama."

"Chakula njo kinanuka hivi?"

"Samaki ya Lokandu inanuka namna gani? Na unaimeza na miba yake."

Mke wangu alicheka, lakini njiani aliniambia kwamba hakupenda yale mapipa. Maji yaliyotulia namna ile, alisema, yanakutazama.

Ripoti zake aliziandika kila mwisho wa mwezi, akazipeleka uwanja wa ndege zikapande kwenda Kinshasa. Jibu halikuja hata moja. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua.

"Wanasoma," alisema.

"Umejuaje?"

"Kama hawakuwa wanasoma, wangeniandikia niache."

Siku za kupima, akina mama walipanga mstari tangu umande haujakauka. Yeye alikuwa na kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu, na wote walitazama mkono wake uende kwa ipi. Bluu, mama alipumua na kuanza kupiga soga. Nyekundu, mstari mzima ulinyamaza. Sikumwona akikosea na ile nyekundu. Wapo mama waliokataa kumletea mtoto kwa sababu hiyo tu, wakisema kalamu yake inaita kifo. Mmoja, mke wa mfanyakazi wa reli, mtu wa Kasai mwenye mdomo mkali, alimpokonya kalamu nyekundu na kuitupa majanini.

"Andika na ile ingine!"

Mupimaji aliinama, akaitafuta kalamu kwa mikono mpaka akaipata, akaifuta tope na kuandika palepale alipokuwa. Kisha alikwenda nyumbani kwa yule mama kila siku, kwa miguu, na samaki mfukoni. Mtoto alipona. Mama yule hakumsalimia tena mpaka alipohama.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alihubiri majani mji mzima, lakini sombe yenyewe hakuipenda. Nilimwona akiimeza kwangu kama anayemeza dawa ya kinini. Aliwakataza watu sukari, na chai yake aliitia vijiko vinne. Aliwapenda watoto, hilo nitaliapia popote, lakini hakumbeba hata mmoja. "Ukimubeba mutoto," alisema, "mukono wako utakuambia iko na uzito. Mizani haina huruma." Mshahara wake, ulipofika, aliununulia samaki wa kukausha kutoka Lokandu na kuwagawia wale wa kalamu nyekundu. Mwenyewe alibaki na bugali na unga wake wa kijani. Nilimwambia atakonda mpaka tumpoteze. Akanijibu kwamba mtu anayekula vizuri haonyeshi kitu. Akitaka kujua unga utamfanya nini mtoto mwenye njaa, lazima na yeye awe na njaa.

Hiyo njo ilikuwa sheria yake kubwa, kuliko sheria ya Chama, kuliko ya Kanisa: yeye kwanza, mwezi mzima. Niliona faida yake kwa macho. Mwindaji mmoja alimletea majani ya msituni, makubwa, laini, akisema watu wa kwao huyala. Mupimaji aliyakausha, akaja nikamsagia, akaanza kula. Siku ya tisa mkojo wake ukawa na rangi ya chai nzito. Hakupiga kelele. Alichimba shimo, akazika unga wote, akapanda juu yake mti wa mpapai. Mpapai ule ulizaa, na hakuna aliyethubutu kuchuma.

Sasa nifike kwangu.

Kwa majani ya muhogo alikuwa na amri moja. Lazima yatwangwe mabichi kwenye kinu, yatandazwe yakiwa yametwangwa mpaka jua lizunguke, yakaushwe, njo yaje kwenye mashini. Mimi niliona ni kazi mara mbili.

"Muzee, mashini yangu inatoa unga laini kuliko kinu ya mama yeyote wa Maniema. Kinu ya nini tena?"

Alichukua jani bichi, akalifikicha kiganjani, akanisogezea puani. Kulikuwa na harufu kali, chungu, iliyopanda mpaka nyuma ya macho.

"Unasikia? Hiyo iko inatoka. Jani bichi ukilivunja na maji yake ndani, sumu inaamka, inakwenda na upepo. Jani likauke zima, sumu inalala mule ndani. Mashini yako itasaga jani na sumu pamoja. Mashini isione jani ambalo kinu haijaliona. Umesikia, Papa Mashini?"

"Nimesikia."

Nilisikia kama mtu anayesikia mvua ya mji mwingine.

Mwaka ule Komiseri wa zone, mkuu wa wilaya yetu, alikuwa mpya na alitaka kuonekana. Wageni wangekuja kutoka Kinshasa kwa sikukuu ya Chama, na aliamua kwamba baada ya gwaride watoto wote, wa shule na wa mizani, watakunywa uji wa kijani mbele ya wageni, waone kwamba Maniema inajilisha yenyewe. Aliyekuja kutuambia alikuwa mjumbe wake, kijana mnene mwenye beji ya Chama kifuani. Mupimaji alihesabu kwa vidole. Akasema unga uwe tayari juma hili hili, apate mwezi wake wa kula. Mjumbe akacheka akidhani ni utani.

Majani yaliletwa kwa salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Kila mtaa ulileta mzigo wake, yakajaa ua wangu kama kichaka kilichohama. Lakini wa kuyatwanga hawakuwapo. Wanawake wote wenye nguvu walikuwa wamechukuliwa kufanya mazoezi ya kucheza ngoma ya Chama, tangu asubuhi mpaka jua kuzama, wakiwa wamevaa vikwembe vya sare. Nyumba baada ya nyumba, vinu vilikuwa vimelazwa chini. Mke wangu mwenyewe alikuwa mstari wa mbele uwanjani.

Nilingoja siku mbili. Majani yalianza kuwa manjano. Nikayapandisha juu ya mabati, mazima, na vikonyo vyake, jua likayakausha, nikayasaga. Unga ulitoka wa kijani kibichi, mzuri, mwembamba kama poda ya mtoto. Nilijisifu. Nilisema: tazama, kichwa kizito kimefanya kazi ya vinu arobaini.

Mke wangu alirudi mazoezini, akachovya kidole akanusa.

"Haya hayajatwangwa."

"Mashini imeyatwanga."

"Basi nikupikie sombe yako namna hiyo, bila kutwanga, uile wewe."

"Nenda ukacheze ngoma yako, mama."

Mupimaji alikuja na mkokoteni. Alifungua gunia la kwanza, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Kisha alinitazama.

"Yametwangwa?"

Neno moja tu. Ningeweza kusema hapana, na ingekuwa aibu ya siku mbili.

"Yametwangwa."

"Nani alitwanga?"

"Wanawake wa mtaa."

Akafunga gunia. Alichanganya na alge, matembele na lengalenga, akaanza kula kesho yake.

Nilipata desturi ya kupita kwake. Nilijiambia napita tu, kumbe nilikuwa nakwenda kuhesabu mistari mlangoni. Mitano. Minane. Siku ya kumi nilimkuta ameshika ukuta, akisema ni malaria. Siku ya kumi na nne alikuwa ametapika, na bado alikula, kwa sababu malaria hutapisha pia na yeye alitaka kuwa na uhakika. Nilisimama mlangoni, maneno yakiwa kwenye ulimi. Nikamwambia anywe maji mengi, nikaenda zangu kusaga mahindi ya watu.

Siku ya ishirini mjumbe alifika kwa gari. Mimi nilikuwepo.

"Sitwayeni," alisema, jina la raia ambalo Chama kilitutaka tuitane, "leo tunachukua magunia. Wapishi wanangoja."

"Zimebaki siku kumi."

"Sikukuu iko baada ya siku saba! Wewe unataka Chama ingojee tumbo lako?"

"Chama ikule bugali," alisema Mupimaji taratibu. "Hii haiendi kwa mutoto."

"Unajua unasema na nani?"

"Nasema na mutoto wa mama fulani. Nilimupima mudogo wako wa mwisho, alikuwa wa kalamu nyekundu. Leo iko wapi?"

"Iko shule," kijana alisema, na sauti ilimpungukia. Kisha akakumbuka beji yake. "Nitarudi siku moja kabla ya sikukuu. Utoe ao nitatoa mwenyewe."

Mupimaji alinigeukia gari lilipokwenda. "Unga iko muzuri, Papa Mashini? Sina mashaka na kitu ingine, niambie tu."

"Iko muzuri, Muzee."

Hivyo njo nilivyosema mara ya pili, na mara hii nilikuwa nimekwisha kumwona akishika ukuta.

Asubuhi ya siku moja kabla ya sikukuu, mwanamke jirani yake alikuja mbio kuniita. Nilimkuta sakafuni. Alikuwa ameamka kama kila siku, akashusha miguu kitandani, na miguu ikakataa. Haikuwa imelegea, hiyo ningeielewa. Ilikuwa imekaza kama mbao. Magoti yalibanana, visigino havikutaka kugusa chini, vidole vya miguu vilikanyaga kama vya mtu anayechungulia juu ya ukuta. Maumivu hakuwa nayo, alisema. Alikuwa amejivuta kwa mikono mpaka mlangoni, na chini ya mistari hakuwa amechora mwingine. Kipande cha mkaa kilikuwa mkononi mwake, kizima.

"Lete mazuti," aliniambia. "Dumu nzima. Ya mashini."

"Muzee, tukupeleke hospitali kwanza."

"Mazuti kwanza. Wanakuja leo."

Nilileta. Yeye akiwa amekaa sakafuni, akielekeza kwa kidole, mimi nilifungua gunia moja moja na kumimina mafuta ndani. Unga ulikunywa mazuti ukawa tope jeusi, na nyumba nzima ikanuka mashini. Gunia la mwisho mikono yangu iliteleza, yakanimwagikia miguuni. Nilisimama pale, miguu yangu mizima inang'aa kwa mafuta, na yake imekaza mbele yangu. Hata hapo sikusema.

Mjumbe alipokuja na askari, Mupimaji alimwambia amemwaga mwenyewe. Walimwuliza mtu asiyesimama ameinuaje dumu. Akasema wakati ule alikuwa bado anasimama. Wakamtia kwenye mkokoteni wake mwenyewe, ule wa magunia, wakamsukuma mpaka gereza la zone kwa kosa la kuhujumu Chama. Kesho yake watoto waliimba, wakapita mbele ya wageni, wakapewa mkate na sukari. Hakuna aliyeugua. Hakuna mtoto hata mmoja wa Kindu aliyegusa unga ule. Mke wangu alicheza mstari wa mbele, na jioni alikaa kitandani na sare yake, akaniambia: "Wewe unajua, na mimi najua." Hatukulisema tena.

Walimwachia baada ya majuma kadhaa, kwa sababu ni vigumu kumfunga mtu ambaye lazima abebwe chooni. Miguu haikurudi. Haikuzidi pia, ilibaki ilivyoamka asubuhi ile. Akachonga fimbo mbili. Kwa fimbo zile alikwenda kwenye mizani, akaendelea na kalamu zake, miaka, mpaka darubini ikafa na mishahara ikaacha kuja kabisa. Mimi katika miaka hiyo nilinunua mashini ya pili, na ya tatu. Nilimpelekea mchele, sabuni, godoro. Alipokea kila kitu na kusema asante. Sikukaa kamwe zaidi ya muda wa kunywa maji.

Mwaka huu bwaki imerudi. Reli hailipi watu, mji unakula bugali mtupu, na Mikelenge nimeona nywele nyekundu kama za zamani. Mtawa mmoja wa misheni alinijia: nitengeneze unga wa kijani, yeye atagawa. Lakini akina mama walimjibu jambo moja: wataupokea Mupimaji akisema ndiyo. Basi nilitengeneza, na mara hii nilitengeneza kama alivyofundisha. Mke wangu alisimamia vinu. Alge nilinunua kwake mwenyewe Mupimaji, kupitia jirani, kwani mapipa yake bado yana kijani. Juma lililofuata nikachukua gunia, nikavaa viatu vyangu vizuri, nikaenda.

Alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha mbao, vidole vya miguu vinagusa chini na visigino viko juu, kama mtu aliye tayari kuinuka.

"Karibu, Papa Mashini. Umenenepa."

"Mungu anasaidia, Muzee."

"Mungu na mazuti."

Nilifungua gunia. Alichukua unga kidogo kwa vidole viwili, akausugua, akaunusa, akaulamba. Macho yake yamefifia lakini pua bado iko kazini.

"Yametwangwa?"

Nilijua atasema neno lile. Nilikuwa nimelitayarishia jibu njiani.

"Mara hii yametwangwa. Mke wangu alisimama juu ya vinu."

"Yote?"

Hapo njo jibu langu lilipokwisha. "Ya kwetu yote. Ila hayakutosha. Magunia mawili yalitoka Kibombo na treni, yamekauka tayari. Mwenye kuuza alisema yametwangwa."

"Alisema namna gani?"

"Alisema tu. Yametwangwa."

Mupimaji alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka fimbo moja ikaanguka.

"Na umesaga pamoja?"

"Pamoja."

Niliiokota fimbo. Nilikuwa bado nimeinama, sijamwangalia usoni, nilipouliza: "Muzee, ulijua?"

"Siku waliponirudisha kutoka gereza. Kulikuwa na unga kidogo kwenye bakuli, ule nilioutenga usiku kwa asubuhi ambayo sikula. Nikauweka chini ya darubini. Mishipa ya jani ilikuwa imekatwa, ncha kali. Kinu hakikati, kinaponda."

"Miaka yote hii. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangekufunga na wangechukua mashini. Mahindi ya watoto wangu ingesagwa wapi?" Aliipokea fimbo mkononi mwangu. "Tena ningesema, wewe ungeniomba pole. Halafu ungelala vizuri."

Nilimwambia tutupe gunia. Nilimwambia nina uwezo, nitanunua majani mengine, nitatengeneza upya, hilo kwangu ni kitu kidogo. Akanionyesha kwa fimbo nyumba ya jirani, ambako mtoto alikuwa amekaa mlangoni, miguu imevimba, hatazami kitu. Hakuwa akilia.

"Yule atangoja utengeneze upya? Na hiyo mupya ukileta, utaniambia nini? Yametwangwa. Mimi siwezi kuonja tena. Miguu iliyokaza haitakaza mara ya pili, sionyeshi kitu. Nani atakula?"

Aliingiza mkono chini ya kiti akatoa bakuli la bati, lile lile, rangi imebanduka ukingoni, na kuliweka mikononi mwangu. Akaniambia nisile nyama mwezi huu, wala samaki. Bugali na unga tu, la sivyo sionyeshi kitu. Huyo wa mlangoni, alisema, yeye atamshikilia kwa samaki mpaka mwezi upite, kama bado ana nguvu ya kupeleka fimbo zake Lokandu. Nilimwambia samaki nitaleta mimi. Akakubali kwa kichwa, kama ninavyokubali gunia la mahindi.

"Asubuhi ukisikia mguu umekaza, hata kidogo, usichore mustari. Utumane kwangu."

Leo nimechora mstari wa kumi na saba. Nachora kwa mkaa juu ya mlango wangu wa libuyu, na wapita njia bado wanasimama kutazama. Mke wangu anakoroga uji mwenyewe, vijiko vitatu, wala hanisemeshi nikila. Yule mtoto wa jirani anashikiliwa kwa samaki na bado hajalia. Jana nilipata kizunguzungu mbele ya mashini; inaweza kuwa jua, inaweza kuwa njaa, mimi sijazoea njaa siku hizi. Nimeandika haya sasa, kwa mkono wangu wa darasa la tatu, wakati bado sijui.

Kila asubuhi mke wangu huamka kabla yangu, huketi kwenye kiti upande wa pili wa chumba, na hatazami uso wangu. Anatazama miguu. Mimi hukaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu kuliko zamani, nikisikiliza akina mama wakipita na magunia yao kwenda kwenye mashini zangu, kabla ya kushusha kisigino.